Mkeka wa Mzee Mbaruk

Mwandiko wa Mauza naujua kuliko wangu, kwa sababu mimi ndiye niliyemfundisha. Herufi yake ya k huinama mbele kama mtu aliyeangusha sindano. Nilijaribu kuinyoosha mwaka mzima, nikashindwa, mwishowe nikaipenda. Basi fikiria hali yangu siku nilipoziona k zile zimejipanga ukurasa mzima, zote zimeinama, kwenye karatasi iliyochungulia mfukoni mwa kanzu ya Suud. Nilikuwa kama mtu aliyemkuta kuku wake anataga kwa jirani, na jirani ameshabandika kikaango.

"Nini hiyo?" nikamwuliza.

"Hoja zangu za Jumamosi," akasema Suud, akaisukuma karatasi ndani kwa kidole kimoja, taratibu, kama anayemfunika mtoto.

Huyu Suud nilisoma naye dawati moja. Baba yake ana duka la tende na kahawa karibu na soko, na yeye mwenyewe hunukia udi hata akitoka kubeba magunia. Mimi nina mdomo. Suud ana sauti. Nikisema, watu hucheka. Akisema yeye, watu hunyamaza, na wanawake hutafuta kisingizio cha kupita tena.

Hoja zenyewe zilikuwa hivi. Ilikuwa Agosti 1934, miaka ishirini kamili tangu Wazungu waanze kupigana na kutuita tuje tuwasaidie. Chama chetu cha Hoja kilikutana kila Jumamosi saa kumi katika ukumbi wa mabati Mtaa wa Mkunguni. Tulikuwa vijana tuliopitia sekondari, kila mmoja na kalamu mfukoni mwa shati ili watu wajue. Mwenyekiti wetu, Mwalimu Leodegar, mtu wa Songea asiyecheka mpaka ahakikishe kichekesho kina faida, aliandika swali ubaoni: Nani aliyeleta Vita Kuu? Akatia punje ya mahindi na punje ya maharage ndani ya kofia, tukachagua bila kuangalia. Mimi nikapata mahindi: nitetee kwamba ni Mjerumani peke yake. Suud akapata maharage: atetee kwamba mataifa yote yalishiriki, kila moja na fungu lake.

Nilifurahi. Upande wangu ulikuwa mwepesi. Kariakoo nzima imepewa jina kutokana na wapagazi wa Mwingereza waliopiga kambi pale sokoni, na nyumba moja katika kila tatu ina mtu aliyeondoka na mzigo kichwani asirudi. Nani atamtetea Mjerumani mbele ya watu hao?

Isipokuwa jambo moja. Siku mbili baada ya kupiga kura ile, Mauza alinisimamisha bombani, ndoo mkononi.

"Mwinyimvua, mwombe Mwalimu Leodegar mbadilishane pande, wewe na Suud."

"Kwa nini?"

"Nakuomba tu."

"Ili Suud apate upande mwepesi ashinde?"

"Sijasema hivyo."

"Basi niambie sababu."

Akaangalia foleni ya wanawake nyuma yake. "Wewe ukiambiwa jambo saa mbili, saa tatu linauzwa sokoni pamoja na mihogo. Siwezi."

"Basi na mimi siwezi," nikasema, nikidhani nimemkomesha. Akajitwika ndoo, akaenda zake. Wiki hiyohiyo ndipo nilipoziona k zangu mfukoni mwa Suud.

Sasa, ili uelewe ukubwa wa ujinga wangu, lazima nikueleze kuhusu barua.

Nilikuwa nimepeleka posa kwa kina Mauza tangu mwezi wa nne. Barua nzuri, nimeiandika mara saba, imefungwa ndani ya leso nyeupe. Ilifika nyumbani kwa mjomba wake, Mzee Mbaruk, Mtaa wa Sikukuu, ikawekwa juu ya kabati, na juu ya kabati ikalala. Kwao barua ya posa haifunguliwi mpaka utandikwe mkeka mmoja, upande wa baba na upande wa mama wakae juu yake pamoja. Na pande mbili za Mauza hazijakaa mkeka mmoja tangu vita viishe.

Baba yake, Mfaume, alikuwa mpagazi wa Mwingereza. Alifia Rufiji na mzigo wa risasi kichwani, Mauza akiwa bado ananyonya. Mjomba wake, Mzee Mbaruk, alikuwa askari wa Mjerumani, upande wa pili wa mto uleule. Vita vilipokwisha Mbaruk akarudi, Mfaume hakurudi. Mama yake Mauza naye akafariki, mtoto akalelewa na mjomba. Bibi Sitara, mama yake Mfaume, aliapa kwamba hataketi mkeka mmoja na watu walioleta vita. Yuko baba mdogo pia, lakini huyo hafumbui mdomo mpaka mama yake aseme. Kwa hiyo barua yangu ililala mwezi wa nne, wa tano, wa sita, wa saba, mimi nikipita chini ya dirisha lile kila nikitoka bandarini kazini, naiwazia vumbi.

Haya yote niliyajua. Nataka uelewe hivyo. Niliyajua, na bado sikuyaunganisha, maana nilipokaa kuandaa hotuba yangu nilikuwa nikiona kitu kimoja tu mbele ya macho: k zilizoinama.

Jumamosi ukumbi ulijaa mpaka watu wakakaa madirishani. Nikamwona Bibi Sitara benchi la mbele kulia, na kijaluba chake, kikopo cha tambuu, mapajani. Nikamwona Mzee Mbaruk nyuma kushoto, amevaa koti lake la Ijumaa. Nikajisemea, kumbe amekuja kumpima mkwe! Nje ya dirisha, kati ya vichwa vya wanawake, nikaiona kanga ya Mauza. Nikanyoosha kola.

Suud alianza. Alisoma polepole. Alieleza jinsi mrithi wa ufalme wa Austria alivyopigwa risasi na kijana wa Kiserbia mjini Sarajevo, na jinsi Austria ilivyowapa Waserbia masharti kumi na saa arobaini na nane za kuyajibu. Mjerumani akamwambia Austria, endelea, niko nyuma yako. Mrusi akaita askari wake. Mfaransa alikuwa amekwisha kumwahidi Mrusi. Mwingereza naye alikaa kimya, hakusema mapema atasimama wapi, kila mtu akadhani alivyopenda. "Palikuwa na siku," alisoma Suud, "ambayo kila mmoja wao angeweza kusema 'ngoja kwanza', na hakuna aliyesema." Nje dirishani, midomo ya Mauza ilikuwa ikitembea pamoja na maneno. Alikuwa ameyahifadhi.

Damu ilinipanda. Nikasimama.

"Mwenyekiti," nikasema, "ndugu yangu Suud amesoma vizuri mpaka nikadhani ni adhana. Nusura nikatawadhe." Wakacheka. "Lakini tuseme nyumba ya mtu inaungua, na pale nje amesimama bwana mmoja, mkono wa kulia kiberiti, mkono wa kushoto debe la mafuta ya taa, ndevu zimeungua. Suud anasema tusimkamate! Tukawaulize kwanza majirani kama nao hawana viberiti jikoni!"

Wakapiga mabenchi. Nikaeleza Ubelgiji ilivyovamiwa. Nikamwigiza Kaisari wa Wajerumani na masharubu yake, nikatumia kitana. Hata Mwalimu Leodegar alijificha nyuma ya daftari. Ningekaa hapo, ningekuwa nimeshinda na hakuna aliyeumia. Lakini nilitupa jicho dirishani, nikaona Mauza hacheki. Alikuwa anamwangalia Suud, tena kwa huruma.

Basi nikaongeza.

"Na si Kaisari peke yake," nikasema. "Kila aliyebeba bunduki yake hapa nchini, akapokea posho yake, akavaa kofia yake, naye ajiulize usiku: ni nani aliyemwua ndugu yangu mpagazi?"

Nilipigiwa makofi ambayo sijawahi kupigiwa. Bibi Sitara alisimama, kijaluba juu, akapiga kigelegele. Na katikati ya kelele zile nikamwona Mzee Mbaruk anainuka nyuma kushoto. Hakuwa na haraka. Alifunga kifungo cha koti, akaomba njia, "Samahani, mwanangu, samahani," mpaka akafika mlangoni, akatoka.

Waliosimama upande wangu walikuwa arobaini na mmoja. Upande wa Suud, kumi na watatu.

Asubuhi ya Jumatatu, leso nyeupe ilirudi. Aliileta Mauza mwenyewe, akaiweka juu ya baraza yetu, fundo halijaguswa.

"Mjomba anasema mkeka hautatandikwa. Anasema hataki bwana harusi apate mkwe muuaji kama yeye."

"Mauza, mimi sikumkusudia yeye!"

"Ulimkusudia nani? Mle ndani walikuwemo wangapi waliobeba bunduki ya Mjerumani ambao unaposa kwao?"

Nikatafuta kichekesho, nikaishia kuichukua leso. Ilikuwa mara ya kwanza, na yeye aliiona.

"Wiki nzima namsihi Bibi aje asikilize," akasema. "Na Mjomba hivyohivyo, kila mmoja bila mwenzake kujua. Nilitaka walisikie pamoja, kwamba hakuna mmoja aliyeleta vita peke yake, wala si wa nyumba yetu. Nilitaka lisemwe na mtu mwingine, mbele za watu, wasiweze kubisha. Nilitaka lisemwe na kinywa chako. Ukakataa. Nikampa Suud."

"Ungeniambia!"

"Nilikuomba."

"Kuomba si kueleza."

"Na wewe kuposa si kuamini," akasema. Kisha, kabla ya kuondoka: "Na hoja ya kiberiti ilikuwa nzuri. Hilo ndilo linalonikera."

Nilikaa barazani na leso yangu mpaka nikachelewa kazini. Nikajaribu kumlaumu Suud, sikufika mbali. Nikamlaumu Leodegar na punje zake. Nikamlaumu Mauza kwa kunificha. Nikaona kila mmoja ana kijifungu chake, kweli, lakini kila nilipogawa mafungu, kubwa likabaki mkononi mwangu. Jioni nikafanya jambo chungu kuliko mwarobaini: nikaenda dukani kwa baba yake Suud.

"Karibu, mshindi," akasema Suud, anapima tende. "Nikupe nusu ratili?"

"Nipe ile karatasi."

"Ya hoja zilizoshindwa? Ya nini?"

Nikamweleza. Alisikiliza mpaka mwisho, mkono ndani ya gunia. Nikataka kumwuliza neno moja, likagoma kutoka, likatoka. "Suud, wewe Mauza unamtaka?"

Akafikiri. Ningependa aruke akane. Hakukana. "Angenitaka, ningemtaka," akasema. "Lakini jioni zote tatu tulizokaa kwao tukiandika, mjomba wake pembeni, Mauza alikuwa akiniambia, 'Hapa Mwinyimvua angetia kichekesho.' Nilichoka na wewe, bwana, na hukuwepo."

Sijui kama kuna maneno matamu kuliko hayo, na yalinichoma vilevile. Jioni tatu!

"Basi nipe karatasi."

"Sikupi. Wewe utaisoma kwa kitana na masharubu. Nitakuja niisome mwenyewe."

Hivyo ndivyo nilivyomwalika hasimu wangu kwenye mkeka wa posa yangu.

Mzee Mbaruk nilimfuata Jumanne, peke yangu. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuniangalia. Nikamwomba radhi, nikamwomba atandike mkeka barazani saa nne kesho, asiulize. "Bibi Sitara haji," akasema. "Miaka kumi na sita haji." Nikasema, "Wewe tandika tu, Mjomba. Kumleta ni kazi yangu."

Maana palikuwa na njia moja. Bibi Sitara ni Mnyamwezi, mimi Mzaramo, na sisi ni watani tangu enzi za misafara. Mtani wangu hunitukana ninapopita, akaniita mla nazi, nami humwuliza kama leo amebeba mzigo au mzigo umembeba. Hakuna kukasirika. Na mtani akichukua kitu chako, huwezi kumshtaki kwa mtu yeyote. Utamfuata mwenyewe ukakikomboe.

Kesho yake saa nne kasorobo nikafika sokoni anapouza ndimu na pilipili.

"Mzaramo wee, mshindi wetu!" akaita. "Njoo nikupe ndimu uoshee mdomo huo uendelee kuwaumbua!"

"Mtani," nikasema, "naona meno yako yamebaki mawili, tambuu utaila na nini?" Nikakinyakua kijaluba mapajani mwake, nikatoka mbio.

Soko lote liliangua kicheko. "Mtani kaibiwa! Mfuate, Bibi!" Umakant, muuza vitambaa, aliinuka nyuma ya majora yake kutazama, akaniachia njia. Nyuma yangu nilisikia ndala za Bibi Sitara na matusi yake, na matusi yalikuwa na pumzi kuliko nilivyotarajia. Alinitukania kabila, nazi zetu, na kimo changu. Nilipunguza mwendo kila kona ili asinipoteze.

Barazani kwa Mzee Mbaruk mkeka ulikuwa umetandikwa. Suud amekaa pembeni, ananukia udi, bila shaka. Mzee Mbaruk amekaa katikati na koti la Ijumaa ingawa ilikuwa Jumatano. Nikaweka kijaluba katikati ya mkeka, nikarudi nyuma.

Bibi Sitara alifika, akaona ni nyumba ya nani, akasimama juani kama aliyegonga ukuta.

"Mtani, nipe changu."

"Kile pale. Kitwae."

"Humu siingii."

"Basi kitakaa humo."

Alisimama. Nilikuwa najua kwamba tangu alfajiri hajatia tambuu kinywani, kwa sababu asubuhi huwa anauza kwanza. Mzee Mbaruk aliangalia chini. Kisha akasema, taratibu, "Jua kali, Mama."

Hakuwa amemwita Mama tangu Mfaume afe. Bibi Sitara akavua ndala. Akakaa ukingoni kabisa mwa mkeka, robo ya makalio nje. "Nimefuata kijaluba changu," akatangaza. "Mtu asije akasema nimefuata jingine."

Suud akaanza kusoma. Kwa ile sauti. Kijana wa Kiserbia, masharti kumi, Mjerumani, Mrusi, Mfaransa, Mwingereza aliyenyamaza. Bibi alikuwa anatengeneza tambuu yake, hatazami mtu. Suud alipofika pale pa 'ngoja kwanza', mkono wa Bibi ukasimama.

"Soma tena hapo."

Suud akasoma tena.

Bibi Sitara akaishusha tambuu mapajani, haijafungwa. "Siku ya msako wa wapagazi," akasema, "Mfaume alikuwa amejificha darini. Siku mbili. Nikamwambia, shuka ukaninunulie chumvi, wameshapita. Chumvi." Akaiangalia ile tambuu. "Hawakuwa wamepita."

Miaka kumi na saba alikuwa amelibeba hilo, na kila lilipomzidi uzito alimtwisha Mbaruk.

"Na mimi nilijua yuko ng'ambo," akasema Mzee Mbaruk. "Tulisikia wapagazi wa upande wa pili wanaimba, nikaijua sauti yake. Niliweza kutoroka. Wengine walitoroka. Nilikuwa na kofia nzuri, Mama. Niliipenda ile kofia."

Wakaangaliana. Sitasema walilia, maana mmoja wao atasomewa haya na atanitukana. Nitasema kwamba Bibi Sitara alijisogeza kutoka ukingoni mpaka akakaa mkekani vizuri, na kwamba tambuu ile aliyokuwa ameitengeneza alimpa Mbaruk, akajitengenezea nyingine.

Nikaona na mimi nitoe langu. "Mimi nilikataa kubadilishana pande kwa wivu," nikasema.

"Hilo tunalijua," wakasema wote watatu pamoja. Nyuma ya pazia la mlango mtu akacheka, nikakijua kicheko.

Nikatoa leso kifuani, nikaiweka mkekani. Mzee Mbaruk akafungua fundo, akakunjua barua, akaisogeza karibu, akaisogeza mbali. Yeye husoma maandishi ya Kiarabu; haya yangu yalikuwa ya shule. Bibi Sitara hasomi kabisa. Nikanyoosha mkono.

"Mposaji hajisomei," akasema Bibi. "Ni mwiko. Mpe huyu mwenye sauti."

Na hivyo barua niliyoiandika mara saba, kila neno nimelichagua kama anayechagua mchele, ilisomwa barazani Mtaa wa Sikukuu na Suud. Aliisoma vizuri mno. Alipofika "nawe ndiwe taa ya nyumba nisiyokuwa nayo bado", alisita kidogo, akashusha sauti, na nyuma ya pazia kicheko kikakatika. Wapita njia wawili walisimama. Mmoja akauliza, "Nani anaposa? Huyo anayesoma?"

"Siye!" nikapiga kelele.

Bibi Sitara akatema mate mekundu nje ya baraza. "Mzaramo na akili zake," akasema. "Haya. Upande wa baba umekubali. Mla nazi tutamvumilia."

Harusi itakuwa baada ya Ramadhani. Suud amealikwa, Mauza amesisitiza, na Mzee Mbaruk anataka asome dua. Nimekubali yote. Ila nilipokwenda kupima ukumbi, nilitafuta nguzo nene kuliko zote, nikaweka alama ya chaki nyuma yake. Hapo ndipo kiti cha Suud kitakapokaa.